Siku Mtumbwi wa Shangazi Ulipovuka Mpaka

Msinicheke nikisema "enzi zetu" na kichwani sina mvi hata moja. Sisi tuliokuwa shule ya msingi pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji, wakati gesi inaanza kutajwa tulizeeka mapema. Tulilala katika mji wa nazi na pweza, tukaamka katika mji wa magari meupe na helikopta. Watoto waliotaka kuwa walimu wote wakageuka, wakataka kuwa madereva wa watu wa gesi.

Baba alikuwa fundi cherehani, na kioja chake kilijulikana mtaa mzima: mtoto wa pwani asiyeiweza bahari. Akikanyaga tu ndani ya chombo, keshatapika. Lakini kuvua alikupenda, tena kuvua kwa kujifurahisha, si kwa kuuza. Basi Jumapili tulidandia gari la jirani hadi Nhica, kwenye ziwa lililo kando ya mto Ruvuma. Wateja wake walimtania: "Fundi, bahari iko mlangoni kwako, unafuata kambale porini!" Naye huwajibu: "Maji ya bara hayana wazimu."

Kiangazi lilikuwa kweli ziwa la watu wapole. Tulikaa kwenye majani, mshipi umezungushwa kwenye kidole gumba cha mguu, tukinusa matope na moshi wa mihogo ya kuchoma. Perege walibanikwa palepale, wakakamuliwa ndimu, wakaliwa kwa vidole vilivyokuwa vimeshika nyungunyungu muda mfupi kabla. Hakuna aliyeumwa tumbo. Masika ziwa lilifurika likaungana na mto, usijue Msumbiji imeishia wapi na Tanzania imeanzia wapi. Mama hakutaka kwenda kabisa. Kila tulipoondoka alisema, "Mamba hajui Jumapili."

Siku ninayoikumbuka zaidi ilikuwa ya masika. Shangazi Zuhura, mdogo wake baba, aliingia kwenye mtumbwi mkongwe uliofungwa kwenye kisiki, akampakata Amini, mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameota meno ya mbele. Mara ndoana yake ikamnasa kambale wa kutisha. Shangazi akasimama kuvuta, mtumbwi ukayumba, kamba iliyooza ikakatika. Upondo ukaanguka majini ukaenda zake.

"Kaa chini, Zuhura! Kaa chini!" baba alipiga kelele.

"Kaka, simwachii huyu!" Alidhani anaambiwa habari za samaki. Alipogeuka akaona ufuko unamkimbia, ndipo akakaa, akamkumbatia Amini, na mkondo ukawachukua hadi nyuma ya matete.

Baba alitupa mshipi wake. Yeye ambaye hata kivuko kilimtapisha, aliruka ndani ya mtumbwi wa Chande, mvuvi wa pale kijijini, wakaanza kupiga makasia kuelekea mtoni. Mimi nikabaki ukingoni na kikapu cha mihogo. Nilitazama maji ya rangi ya chai ya maziwa, nikasikia kiboko akikoroma mahali fulani, na nikaanza kutunga maneno ya kumwambia mama.

Ndipo ikaja helikopta ya watu wa gesi, inapita chini juu ya miti. Nilifungua kapulana niliyojifunga, nikaipunga kwa mikono miwili, nikilia, "Mtumbwi! Mtumbwi!" Waliomo ndani walinitazama. Mmoja akanipungia mkono kwa bashasha, wakaenda zao. Leo nacheka. Siku ile nilikaa chini kwenye tope.

Nilikaa hadi kivuli cha matete kikanifikia. Kisha sauti ikavuka maji kutoka ng'ambo, sauti ya mwanamume nisiyemjua:

"Jamaniii! Mama na mtoto tunao huku! Wazimaaa!"

Nililia kuliko nilivyolia kabla.

Kumbe upande wa Tanzania nako kulikuwa na watu wa Jumapili kama sisi: mwalimu mmoja na mkewe, na mishipi yao. Waliuona mtumbwi unakuja kinyumenyume, mwalimu akaingia majini hadi kifuani, akaukamata. Baba alipofika, alimkuta Amini anakula ugali kwa mchicha, na shangazi anabishana na askari wa mpakani aliyetaka dokumentu za kuvukia.

"Afande, maji hayakuniuliza dokumentu," alimwambia. "Ningekuwa nazo, ningekwenda kwa barabara." Askari alicheka, akakaa kula nao.

Walirudi jioni, Amini mabegani, baba uso umempauka. Alitapika mara alipokanyaga nchi kavu, akanishika kichwa, akasema, "Twendeni kwa mama yenu." Kambale alikuja pia. Shangazi hakuwa amemwachia.

Mama alisikiliza habari yote amesimama. Akamshika Amini, akamkagua kidole kwa kidole, kisha akapika wali wa nazi na yule kambale, na baba akala sahani mbili.

Tangu siku ile yamepita mengi, mengine sina haja ya kuyasema kwenu, mnayajua. Vita vilipoingia, watu wa Jumapili zetu walitawanyika, wengine Pemba ya huku kwetu Msumbiji, wengine Mtwara. Lakini watu wanarudi. Msimu huu nami nimerudi Nhica, na mdogo wetu wa mwisho, Mariamu, ambaye humjua samaki kwa picha tu. Alizunguka ziwa zima ameinua simu juu, anatafuta mtandao kama mtu anayeomba mvua. Zamani ukipotea, mtu aliingia majini akakushika. Siku hizi kwanza angekupiga picha.

"Dada," akasema mwishowe, amenuna, "sasa watu hukaa hapa wakifanya nini?"

Nikamsogezea nafasi kwenye majani. Maji yalikuwa yametulia hadi ng'ambo, na huko moshi wa mtu anayebanika samaki ulikuwa unapanda.