Jina la Mwenyekiti kwa Herufi Kubwa

Mwenyekiti wa chama chetu cha kahawa, pale Kanyakine, hakupenda herufi ndogo. Alisema ni za watoto wa chekechea. Kwa hiyo orodha ya uchaguzi ilitakiwa iwe na majina yote kwa herufi kubwa, ibandikwe ukutani, na kila mwanachama aguse lake kwa kidole mbele ya karani ndipo apewe karatasi ya kura. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe, eti kuzuia wizi. Lo! Mtu amekalia kiti mihula minne, bado anaogopa wezi.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia, nami nilikuwa nimetoka chuo bila kazi. "Kijana, orodha ikitoka sawa, umeandikwa kazi," aliniambia. Nikaandika programu kwa lugha ya C, nikaijaribu kwa majina yaliyo kwenye vyeti vyetu vya shule, ambako walimu walishaziondoa zile alama za Kimeru zinazokaa juu ya i na u. Ikapita. Nikajipiga kifua.

Karatasi ya kwanza ikatoka. Jina la mwenyekiti lilikuwa kubwa lote, isipokuwa ũ moja iliyojikunyata katikati.

"Hii ni nini? Mimi mzima, katikati nimekuwa mtoto?"

"Mzee, ni mashine."

"Basi uende nayo nyumbani."

Nilitoka jasho. Kumbe toupper, ile amri ya kukuza herufi niliyoitumia, inajua herufi za Kiingereza tu. Zetu, ĩ na ũ, ni zile ambazo C huziita herufi pana, zinataka towupper. Nikabadilisha. Wapi! Ile ũ ikakaa vile vile, na siku mbili nikaitukana kompyuta kwa Kimeru safi. Mwishowe nikagundua kwamba programu ya C ikiamka haijui iko nchi gani, mpaka uite setlocale mwanzoni kabisa, uiambie ifuate lugha iliyowekwa. Mstari mmoja tu, jamani! Nikauongeza, na herufi zote zikasimama wima. Mwenyekiti alinipa mkono.

Siku ya kura, mama yangu alipanga foleni na wenzake. Kusoma alijifunza ukubwani, kwa Biblia ya Kimeru, na jina lake alilijua kwa herufi ndogo tu. Kidole chake kikapita juu ya jina lake pale ukutani mara tatu bila kusimama. Akanigeukia pale mlangoni.

"Mwanangu, wameniondoa?"

Nililiona jina lake toka pale niliposimama. Mwenyekiti naye alikuwa ananitazama mimi.

"Tafuta tu, mama," nikasema.

Karani akaita mwingine. Akina mama wengi waliojifunza kusoma kama yeye walitoka hivyo hivyo, mikono mitupu, na mwenyekiti akapita kwa tofauti ya kura chache. Niliona aibu, naiona hata leo. Jumatatu asubuhi mama alinipigia pasi shati la kuanzia kazi.