Jina la Nne Ubaoni

Saa nne za usiku zilipita Nyawira hajafika. Waithera aliacha cherehani, akaweka simu mezani na kuikodolea macho kama mtu anayelinda maziwa yasifurike. Binti yake hutoka kazini saa kumi na mbili, kwenye duka la kuchapisha kadi kule River Road, na saa mbili huwa amekwisha vua viatu mlangoni. Leo simu yake ilikuwa imezimwa. Saa tano, mwenye kibanda cha chipsi pale Dagoretti Corner alimtumia ujumbe: polisi walifanya msako kwenye steji ya matatu, wamejaza lori, na alimwona Nyawira akipandishwa.

Mabruka, jirani anayeuza mahamri, alisikia mlango ukifunguliwa na kufungwa mara tatu. Akaja na birika la chai.

"Mama Nyawira, wajitesa bure. Namba ya mkuu wa kituo si unayo? Mpigie."

Namba alikuwa nayo. Aliipata alipoingia kwenye kamati ya polisi na wananchi, na kuingia kwenyewe kulikuwa vituko. Siku ya baraza la chifu, wagombea walisimama uwanjani na kila mtu akaambiwa apange mlolongo nyuma ya amtakaye. Waithera hakuwa akigombea chochote. Alibeba kigoda chake akaenda kusimama kando ya ukuta, kwenye kivuli. Alipogeuka, watu zaidi ya thelathini walikuwa wamejipanga nyuma yake, wakidhani yeye pia ni mgombea.

"Chifu, mimi nimekimbia jua tu," alisema.

"Basi umekimbilia kazi," chifu akajibu, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Aliishia darasa la saba, na mkutano wa kwanza wa kamati alikaa kiti cha nyuma kabisa. Lakini jambo moja alilijua kuliko wote pale. Miaka miwili nyuma mumewe, Waweru, alikamatwa akitoka kazini. Waithera alizunguka vituo vinne kwa siku tatu, kila dirisha wakimwambia hayupo, kumbe alikuwa kituo cha kwanza kabisa, jina lake halijaandikwa popote. Waweru alirudi na mguu ambao mpaka leo anauburuta. Kwa hiyo Waithera alisimama akasema: kila aliyekamatwa aandikwe kwenye ubao nje ya geti, saa kumi na mbili asubuhi na jioni, na mwanakamati wa zamu asome kwa sauti. Halafu akaongeza: mwanakamati yeyote asimpigie mkuu simu usiku kwa ajili ya mtu wake. "Tukianza kupiga simu, ubao utabaki wa wale hawana namba." Yakaandikwa, wakatia sahihi, mkuu naye akatia yake.

Mabruka alimimina chai.

"Mwezi uliopita walipomchukua mwanangu Abdulfatah, nilikuja mlangoni hapa nalia. Ulinambia nini?"

"Nilikuambia ungoje ubao."

"Nikangoja. Basi leo piga. Nani atajua?"

"Wewe."

Mabruka aliweka birika chini. "Kweli. Nami ningekutangaza mpaka Adams Arcade."

Walicheka wote wawili, ingawa Waithera alicheka huku machozi yanamtoka. Waweru, aliyekuwa amelala akiwa na viatu miguuni, aliamka akauliza kuna nini cha kuchekesha. Mara mbili kabla ya alfajiri Waithera aliifungua ile namba. Mara mbili akaigeuza simu kifudifudi. Aliwaza kituo cha kwanza, na siku tatu. Je, kama ubao nao ungekuwa mchezo tu?

Saa kumi na mbili kasoro yeye na Mabruka walikuwa kwenye geti la kituo pamoja na watu wengine kama ishirini. Sajenti Mwelu alimwona.

"Mama kamati! Pita ndani basi, usisimame na watu."

"Niko sawa hapa, afande."

Mwalimu Kiarie, mstaafu aliyekuwa na zamu, alivaa miwani akaanza kusoma. Jina, saa ya kukamatwa, sababu. La kwanza, kijana wa bodaboda. La pili. La tatu, mama mmoja wa mboga ambaye dada yake alipiga yowe la furaha pale pale. Waithera alishika mkono wa Mabruka mpaka bangili zikamwingia kiganjani.

"La nne. Nyawira Waweru. Saa moja na dakika arobaini. Hakuna shtaka."

Mtoto alikuwa ameandikwa. Alikuwa mahali panapojulikana, na kila mtu getini alikuwa amesikia.

Waliokamatwa wakaanza kuitwa watoke, kwa mpangilio wa ubao. Mlango wa chuma ulifunguliwa ukafungwa mara tatu, na kila mara Waithera alihesabu kimoyomoyo. Wa nne alitoka amebeba viatu mkononi, nywele timutimu, kakasirika hasa.

"Mum, ulipigia mkuu?"

"Sikupiga."

"Afadhali. Huko ndani nimewaambia wote mama yangu hawezi kupiga."

Nyuma yake Mwelu aliuacha mlango wazi, akaita jina la tano.