Tazama Mlango, Usitazame Ngazi

Nakumbuka Jumamosi moja pale Mbale, mwanangu, miaka ile ya utawala wa wanajeshi, ukumbi mzima wa sinema ulilia kama wenye msiba. Picha ilikuwa ya Kihindi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua Kihindi. Wahindi waliokijua walikuwa wamekwisha kufukuzwa nchini, wakaacha maduka yao, nyumba zao, na mikanda ya picha ndani ya makopo. Mipya haikuja tena. Tukawa tunarudia ileile, mpaka ikawa inakatika katikati ya wimbo na sisi wenyewe tunaumalizia kwa kupiga mluzi.

Ndani ya picha, binti wa tajiri anaishi kwenye jumba lenye ngazi pana ya kuzunguka. Anampenda fundi mwashi, na baba mtu hataki hata kumsikia. Mwishowe binti anashuka ngazi ile viatu mkononi, anamfuata mpenzi wake kwenye kijumba ambacho hakijaezekwa, na mvua inawanyeshea humo ndani wakiimba. Lo! Niliipenda picha ile, na naipenda hadi leo. Kwa hiyo nikikuona umejikunja na simu yako ukitazama wapendanao na majumba yao, usidhani nakucheka. Mimi nilikuwa mbaya kuliko wewe.

Aliyenifundisha kuitazama ni Senge, shangazi yangu, dada ya baba, muuza vitunguu mwenye sauti ya kusimamisha basi. Wengine walitazama sura na nguo. Yeye alitazama nyumba.

"Angalia mlango," ananinong'oneza huku akinifinya paja. "Tajiri anatangulia, mke nyuma. Sasa ngoja uone fundi."

Fundi akafungua mlango wa kijumba chake, akasimama kando, binti akapita kwanza. Hapo Senge alipiga makofi kila mara, kama vile ndiyo kwanza anaona. Nilimstaajabia sana mwanamke yule. Hakuwahi kukaa darasani, lakini picha aliisoma kuliko sisi wote.

Mwaka huohuo nikachumbiwa. Odongo alikuwa sajini katika kambi ya Kimaka, kule Jinja, kijana wa upande wa Tororo, mpole, mwenye aibu ya kucheka. Nilimpenda. Kisha akaniletea habari kwamba amegawiwa nyumba, moja ya zile zilizoachwa, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Ina ngazi ya kuzunguka, akasema. Basi, mwanangu, akili ikaniruka. Kuanzia siku ile sikujua tena kama nampenda Odongo au naipenda ngazi.

Kwetu msichana hajibu mpaka senge wake aende kuiona nyumba atakayoolewa. Tukapanda basi asubuhi, Senge kavaa kitenge chake cha kanisani.

Nyumba ilikuwa nzuri kweli, nisikudanganye. Sakafu inang'aa, madirisha marefu, na ngazi ileile ya picha. Odongo alifungua mlango akatangulia yeye, mkono kwenye bastola. Akachungulia nyuma ya mlango. Kila chumba akawa anaingia kwanza, anatazama nyuma ya mlango, ndipo anatuita. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa nimeshafika katikati ya ngazi, nashuka polepole viatu mkononi, nikiimba moyoni.

Senge alikuwa jikoni. Nikamkuta amesimama mbele ya kabati lenye vikombe vya watu. Kwenye mwimo wa mlango kulikuwa na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, jinsi mzazi anavyompima mtoto anayekua. Senge aliigusa ya chini, kisha ya juu.

"Mama, nyumba iko muzuri?" Odongo akauliza.

"Iko nzuri, Afande. Lakini wewe unaogopa nini humu?"

Siku zile mwanajeshi hakuulizwa swali la namna hiyo. Watu walipotea kwa maneno madogo kuliko hayo, na nyumbani hapakuwa na wa kuja kuuliza habari zetu.

"Mimi si naogopa," akasema.

"Mtu akiingia kwake haangalii nyuma ya mlango, mwanangu." Alimwita mwanangu, mbele ya bastola yake! "Hapa wewe ni mgeni kama sisi. Ulikuwa unalala wapi kabla ya kupewa hii?"

Odongo alinitazama mimi, akatazama mistari ile ya penseli.

"Mpumudde," akasema. "Iko chumba kidogo tu, mama. Aibu."

"Tupeleke huko kwenye aibu."

Tukaenda kwa miguu. Chumba kilikuwa kimoja, bati juu, kigunia cha kufutia miguu mlangoni. Odongo akavua mkanda wenye bastola akautundika kwenye msumari wa kando ya mlango bila kufikiri. Akasukuma mlango, akasimama kando.

"Karibu, mama. Karibu," akaniambia na mimi, akicheka aibu yake ile.

Nikapita mbele yake. Senge alipiga makofi, mwanangu, pale pale barabarani, majirani wakatoka kutazama. Mimi nililia kuliko nilivyowahi kulia kwenye sinema.

Ufunguo wa jumba Odongo aliukabidhi kwa mkubwa wake mmoja aliyekuwa akiutamani. Serikali ile ilipoanguka, mkubwa naye alikimbia, akaacha sufuria mekoni kama walivyoacha wale wa mwanzo. Sisi tulikuwa Mpumudde, tunakunywa chai. Nyumba hii ya Mbale unayolala tuliijenga baadaye, taratibu sana, na msimu mmoja wa mvua tulikaa humu upande mmoja haujaezekwa. Babu yako hajui kuimba, lakini siku ile aliimba.

Basi sikukatazi picha zako. Tazama, lia, piga mluzi. Hata huyo kijana anayekutumia picha za nyumba zenye ngazi, simchukii, sijamwona bado. Ila akikukaribisha, iache ngazi. Tazama anavyofungua mlango, na kama anapita kwanza au anakupisha. Umtazame akiwa ndani, kama ametulia kwake au anachungulia. Na uulize bila woga nani alikaa humo kabla yenu, na alitokaje.

Mungu akujalie mtu wa kukupisha mlangoni, mwanangu. Akujalie paa hata likichelewa, na watoto wa kupimwa kwa penseli kwenye mwimo ambao hakuna atakayekuja kuwafukuza wauache. Na siku ya kwenda kuiona nyumba hiyo, usisahau kunipitia. Senge hayupo tena, lakini makofi yake ninayo mimi.