Ncha Iliyoungua

Kazi yangu hapa Johannesburg ni kupima faiba, zile nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, kwenye mitambo ambayo jeshi hutumia kuwasiliana kwa leza. Ukinikuta kwenye treni ya Sandton na beji shingoni utadhani mimi ni mtu mkubwa. Ukweli ni kwamba muda mwingi nafuta vumbi. Leza yetu ni kali, na punje moja ikibaki kwenye ncha ya faiba, mwanga unaiunguza na kioo kinaharibika. Ndiyo maana tuna sharti: unakagua ncha kwa hadubini, unaisafisha, unakagua tena, ndipo unaiunganisha. Kisha unatia sahihi kwenye kadi ya kebo.

Siku ile nilianza na sahihi. Wageni wa jeshi walikuwa wanamalizia chai, na mimi nilitaka wakute mtambo unawaka, nijidai. Nikaunganisha kebo bila kuikagua, nikawasha. Kipimo cha mwanga kikaporomoka palepale. Nilipoichomoa na kuitazama, katikati ya ncha kulikuwa na doa jeusi. Nililijua. Mtu wa kazi yangu hawezi kulikosea.

Ncha zetu zilisuguliwa hadi zikawa nyororo na mama mmoja wa Lubumbashi, Kongo, mfanyakazi wa mkataba aliyekaa kitongoji cha Malvern. Sijaona mkono mtulivu kama wake. Kifaransa alikuwa nacho, Kiswahili alikuwa nacho, kile cha kwao, ila Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Kila asubuhi alinisalimia kwa Kiswahili, akiniita Papa kwa heshima ya Kikongo, na mimi, Mtanzania mzima, wenzangu wakiwepo nilimjibu kwa Kiingereza. Hilo nalo ni la aibu, lakini ni dogo.

Mkuu wetu aliuliza kasoro imetoka wapi. Nikasema huenda ni usuguaji. Huenda! Hata uongo wenyewe niliuogopa. Mama akaitwa. Akainamia hadubini, akatazama kwa muda, kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa mle ndani ni mimi tu niliyemwelewa.

"Papa, hii haikukwaruzwa. Iliungua, juu ya vumbi. Miye niliisugua muzuri. Uwaambie vile."

Mkuu akaniuliza anasema nini.

"Anasema kazi zilikuwa nyingi siku hiyo, huenda aliharakisha," nikajibu kwa Kiingereza cha mbio.

Mama akatikisa kichwa kukubali, akiamini nimemfikishia. Mkataba wake ulipoisha hawakuuongeza, nami niliendelea kula chakula changu cha mchana kwenye meza ileile ya siku zote.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Mtaa wa Jules, kulekule Malvern, kutafuta fundi wa kupunguza suruali. Nikasikia naitwa. Alikuwa yeye, nyuma ya cherehani, miongoni mwa wanawake wenzake. Nilitamani ardhi inimeze. Nilijiandaa kutukanwa mbele za watu, na nilistahili.

"Huyu njo mwenye alinisemea kule kazini," akawaambia wenzake. "Bila yeye wangenifukuza siku ileile."

Akanivutia kiti. Akaniambia amepata karakana inayotafuta msuguaji wa faiba, ila mwenye nayo anaongea Kiingereza tu. Jumatatu wanamwita. "Utakuja unisemee tena, Papa?"

Nilienda. Mwenye karakana akauliza kwa nini aliondoka kwetu. Mama akaeleza polepole, na safari hii nikatafsiri neno kwa neno: haikukwaruzwa, iliungua kwa vumbi, yeye aliisugua vizuri. Yale maneno nilikuwa nimeyaficha tangu siku ile. Yule bwana anaijua kazi, akaelewa mara moja.

"Basi kuna mtu aliunganisha bila kukagua," akasema. "Nani?"

Nikamtafsiria mama swali.

"Mwambie sijui," akasema. "Na sitaki kusingizia mutoto wa watu."

Nikamgeukia yule bwana. "Hajui," nikasema, "na hataki kumsingizia mtu." Tafsiri ilikuwa sahihi kabisa.

Alipewa kazi. Nje ya geti akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru, akaniombea kwa Mungu. Nikaitikia amina.