Maneno ya Yule Mrefu

Mwaka 1972, nikiwa na miaka tisa, mama yangu alifariki kule Migato, na baba akanitoa darasa la pili ili nilee wadogo zangu. Taabu yangu ilianzia hapo. Shuleni sikurudi. Kusoma nilijifunza baadaye kwa ubishi, kwenye maandishi ya magunia na ubavuni mwa magari, wakati nanunua dagaa Lamadi na kuwauza minadani, kwanza kwa bakuli, baadaye kwa gunia. Sisemi haya nihurumiwe. Huruma sijawahi kuila nikashiba.

Kwa hiyo mjukuu wangu, ninayeishi naye hapa Bariadi, aliporudi na kitabu cha katuni akasema ni cha kuchekesha, tena kinahusu shule, nilikitazama kama ninavyotazama dagaa wenye mchanga. Shule niliyoijua mimi haikuchekesha. Ilikuwa na fimbo, na jembe la kulimia shamba la mwalimu.

"Nani kakupa?"

"Mwalimu wetu mgeni, yule aliyehamishiwa hapa kutoka Kilimanjaro. Anavyo sanduku zima."

"Na hesabu amewapa sanduku zima?"

"Bibi, soma kwanza."

Kitabu chenyewe kilikuwa picha juu ya picha, maneno yamezungushiwa duara juu ya kichwa cha anayesema. Walikuwemo wasichana wawili marafiki, mmoja mrefu, mmoja mfupi, ambao kila siku wanachelewa shule kwa sababu mpya. Siku moja mbuzi amekula daftari. Siku ya pili wanambeba mbuzi yule yule kwenda kwa mwalimu mkuu, awe shahidi. Nilikaza uso. Kisha mbuzi akala tai ya mwalimu mkuu, na uso ukanishinda.

Mjukuu wangu alikuwa na rafiki wa kweli, binti wa mfugaji aliyekaa nje kidogo ya mji, njia ya mnadani. Wote darasa la tano. Jioni walikaa kwenye baraza ya stoo yangu, juu ya magunia, wakigawana sauti: rafiki anasoma maneno ya yule mrefu, mjukuu wangu ya yule mfupi. Mwalimu mkuu alikosa mtu, wakanipa mimi. Nilisoma polepole, kidole kikitangulia.

"Bibi, mwalimu mkuu amesinzia?" yule rafiki akauliza.

"Anatafakari adhabu yako."

Walianguka kwa kicheko. Na mimi, ambaye sifungi biashara hata nikiumwa, nikaanza kufunga stoo mapema.

Halafu mvua ikagoma mwaka wa pili mfululizo. Malisho yakaisha, na baba wa yule rafiki akaamua kuhamia Katavi na ng'ombe wake, kama walivyohama wengi wa huku. Mke, watoto, kuku, wote. Mjukuu wangu alinieleza akiwa amegeukia ukuta. Rafiki yake ameambiwa kwamba huko waendako shule iko mbali, kwa hiyo atabaki nyumbani kuwapikia wachungaji. Mimi mlango huo naujua unavyofungwa. Haupigi kelele.

Asubuhi nikajifunga kanga nikaenda. Sasa ni lazima nieleze jambo. Yule bwana ni mtani wangu. Koo zetu zinataniana tangu kabla hatujazaliwa, na kwetu hakuna neno utakalomwambia mtani akakasirika. Nilidhani hiyo ndiyo silaha yangu.

"Mwangaluka, mchunga nzi," nikamsalimu.

"Mwangaluka, mama wa harufu. Umekuja kuiba ng'ombe?"

"Wale wenye mbavu kama ngazi? Nitaonekana mwizi asiye na macho. Nimekuja kuchukua mtoto. Niachie binti yako. Atakula kwangu, atalala kwangu, amalize la saba."

"Unaoa uzeeni? Lete mahari."

"Leo sitanii."

Akajipiga paja. "Mama watoto," akamwita mkewe, "njoo usikie. Mtani leo hatanii."

Mkewe akatoka na mwiko mkononi, anacheka. Nikarudia. Nikawasimulia Migato, msiba wa mama, wadogo zangu mgongoni, wenzangu wakipita na madaftari. Machozi yakanitoka. Yule bwana akazidi kucheka, mpaka akashika mti wa zizi.

"Ulilia hivi hivi siku tunamzika baba yangu," akasema. "Ukashuka kaburini, ukalala humo, ukakataa kutoka mpaka tukakupa mbuzi. Safari hii unamtaka mbuzi gani?"

Ni kweli. Nililala kaburini, na mbuzi nilimla. Ndiyo kazi ya mtani msibani, kuwatoa watu kwenye majonzi. Lakini sasa nilisimama mbele yake na kilio cha kweli, na sikuwa na mahali pa kukitua. Binti mwenyewe alikuwa ameketi juu ya kinu kilicholala. Yeye peke yake hakucheka.

Nikamwendea yule mwalimu mgeni, kwa kuwa yeye huku si mtani wa mtu. Akasema twende pamoja kesho. Kesho yake tulikuta zizi wazi na mafiga bado yana joto.

Mjukuu wangu akaacha kusoma barazani. Mwalimu alileta kitabu cha pili cha wasichana wale wale, kikakaa juu ya gunia mpaka kikanuka dagaa.

"Kilete," nikamwambia. "Nitasoma maneno ya yule mrefu."

"Wewe ni mwalimu mkuu, Bibi."

Mwishowe alikisoma peke yake, mdomo umefungwa. Sijawahi kuona mtu akitazama mbuzi mwenye tai kwa uso ule.

Baada ya mavuno, Jumapili asubuhi, simu ikaita. Alikuwa mtani. "Mama wa harufu, bado hujafa?" Nikampa mjukuu simu aombe kuongea na mwenzake, nikaiweka spika. Walisalimiana kama watu wazima wasiojuana. Kisha mjukuu wangu akafungua kitabu cha kwanza, akasoma maneno ya yule mfupi. Kutoka Katavi sauti ikajibu maneno ya yule mrefu, bila kitabu, neno kwa neno. Walipofika kwa mbuzi nikaingiza ya mwalimu mkuu. Wakacheka, huku na kule.

Kwa furaha ile mjukuu wangu akachukua kitabu cha pili. Akasoma sehemu yake, akasubiri.

"Hicho mimi sikijui," sauti ikasema.

Nikachukua simu, nikaomba baba yake.

"Mwangaluka, baba," nikasema, kwa sauti ninayowasalimia wakwe.

Nilisikia ng'ombe wakilia nyuma yake.

"Mayu," akasema, na hajawahi kuniita mama maishani mwake, "kuna msiba?"

"Upo. Sasa nisikilize."

Nikayarudia yale ya zizini, yote. Hakucheka. Aliuliza kama shule itampokea tena. Aliuliza atalala wapi. Akasema atazungumza na mkewe, akaniaga kwa adabu. Adabu ile iliniuma. Mtani niliyekuwa naye toka ujana nilikuwa nimemfukuza kwa salamu moja, na sijui kama atarudi.

Hajapiga tangu siku ile. Mimi nikipiga, haipatikani. Mwalimu anasema nafasi ya mtoto ipo.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba mbili za bati hapa Bariadi, na moja Nyalikungu ninayopangisha. Stoo ya dagaa. Mashine ya kusaga. Bajaji ya mizigo. Ng'ombe wachache huko Migato, anawatunza mdogo wangu wa mwisho, yule niliyembeba mgongoni. Vitabu viwili vya katuni alivyoniachia mwalimu, cha kwanza kimetoka jalada. Kitanda cha mbao cha futi tatu, kipya, karibu na cha mjukuu wangu, godoro bado limo kwenye nailoni.