Gari la Tata Mudogo Lilipokatwa

Plastiki ikikatwa kwa msumeno hutoa harufu inayochoma pua, tamu kidogo na mbaya kwa pamoja. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye benchi la ofisi moja huko Manika, mjini Kolwezi, diploma magotini, nikisubiri kuitwa kwenye mahojiano ya kazi, fundi akaanza kukata bomba la maji uani. Waliponiita, nilisimama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nilikuwa nimerudi mtaani kwetu Kapata, mtoto wa shule ya msingi, nimeshika mlango wa gari la Tata Mudogo.

Gari lile, niwaambie, halikuwa letu. Tata Mudogo alikuwa mdogo wake baba. Aliliagiza kutoka Japani, akaliendesha miezi michache tu, kisha akaenda Dilolo na kuvuka mpaka wa Angola kwa biashara. Hakurudi, wala hakupiga simu. Baba akabaki analitumia kama teksi kati ya Kapata na Manika, kwa ruhusa ya Kambo, yaani bibi yangu, mama yao, aliyeishi nasi.

Ruhusa hiyo ilikuwa na sharti. "Mutoto wangu akirudia," Kambo alisema, "atakuta bitu byake sawa vile alibiacha."

Basi kiti kilichopasuka hakikushonwa. Hata pipi iliyoganda kwenye kisahani cha majivu haikutolewa. Nilijaribu kuibandua siku moja nikala kofi. Miaka ikapita, na hatukumfanyia kilio. Maadamu hatujakaa chini kumlilia, Tata Mudogo alikuwa hai, na gari lilikuwa lake.

Tatizo lilikuwa redio. Ile ya Kijapani haikushika stesheni za Kolwezi. Ilitoa mlio tu, kama mafuta yanayokaanga samaki, kwa hiyo baba aliizima. Kwetu nyumba inayozimwa redio ni nyumba ya msiba, na abiria hawakumwonea huruma.

"Tata shofa," mama mmoja wa sokoni alimwuliza, "tunaenda soko ao kilio?"

Gari zima likacheka. Baba naye akacheka, lakini kwa meno tu.

Jumamosi moja akaja na Amisi, fundi wa redio za magari, kijana wa familia ya Waislamu wafanyabiashara waliotoka Maniema. Redio mpya ilikuwa na taa za buluu, na ilikuwa pana kuliko tundu la zamani. Ilibidi kukata tablo yenyewe, ule ubao wa plastiki ulio mbele ya dereva. Nikawaza nani atapigwa kwanza: baba, Amisi, au mimi niliyeona na kunyamaza.

Amisi akachora mstari kwa chaki, akainua msumeno, akasita. "Tata, mi nikikata hapa, hakuna kurudisha. Plastiki habashone sawa nguo."

"Kata," baba akasema.

Msumeno ulikuwa umeng'ata kidogo tu Kambo alipotoka jikoni, mikono ina unga wa bukari, ugali wetu. Akalitazama tundu. Nikasubiri kelele.

"Ni we njo unamwambia akate?" akamwuliza baba, polepole.

Baba hakumtazama. "Ndiyo, mama."

Kambo akafungua kitambaa cha kichwa, akakaa chini kwenye vumbi kando ya gurudumu, akanyoosha miguu. Halafu akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwetu. Amisi alishusha msumeno. Kambo akampungia mkono aendelee.

Majirani wakaja, wanawake na mikeka, wanaume na viti. Mtu akawasha moto uani. Mama akanituma maji. Mimi niliamini watu wote wale wanalilia tablo, na kusema kweli niliona ni haki, maana ilikuwa nzuri. Nikamnong'oneza Amisi airudishe kwa gundi.

"Mutoto," akasema bila utani, "nyamaza. Enda kwa mama yako."

Alipomaliza kuunga nyaya akaijaribu redio. Wimbo ukaruka nje kwa nguvu. Baba alikimbia kuizima hadi akagonga kiwiko mlangoni. Kisha kwa siku nyingi hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa: kwa nini ukate gari la mtu upate redio, halafu uikataze kuimba?

"Redio mupya, na haiimbe?" abiria waliuliza.

Wageni walipokwisha kuondoka na mikeka kukunjwa, Kambo alikuja asubuhi akaketi kiti cha mbele, alichokuwa hajakikalia kamwe.

"Washa."

"Mama..."

"Washa. Batu banachoka kunyamaza."

Likatoka tangazo la sabuni. Alilisikiliza lote, mikono mapajani, kisha akasema, "Iko muzuri," akarudi ndani.

Nilikuwa chuoni Lubumbashi mama aliponieleza. Wiki ile ya kukatwa tablo, mfanyabiashara aliyetoka Dilolo alimwambia baba kwamba ndugu yake amezikwa ng'ambo ya mpaka. Baba alitembea na maneno hayo siku kadhaa, akishindwa kuyatoa mbele ya mama yake. Likizo ilipofika nikamwuliza baba kama alikata tablo ili asilazimike kusema kwamba mwenye gari hatarudi.

"Redio ya kwanza haikushika kitu," akajibu, akaendelea kufuta kioo.

Jibu hilo nimeligeuza kila upande. Kwa nini alikata mchana, uani, Kambo akiwa hatua chache tu jikoni, wakati karakana ya Amisi ilikuwa Manika? Siku hizi nadhani alitaka mama yake atoke amzuie. Kama angemzuia, Tata Mudogo angekuwa hai walau mpaka jioni. Kambo alitoka, akaona, akaelewa, akaacha msumeno uendelee.