Kazi Niliyodhani Haiui

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Utotoni kwetu Magogoni, mvua ikinyesha, wenzangu waliruka mitaro nami nikazunguka mtaa mzima nikitafuta pahali pa kuvukia. Sisemi haya kwa kujidharau. Wazee wamesema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na neno hilo nimelifanya ngao yangu tangu nijue kusema.

Ajabu ni kwamba mwoga huyu alisomea ufamasia. Mama alitaka, walimu walisema alama zangu zatosha, nami niliogopa kukataa. Nilipomaliza chuo nikafanya mwaka wa mazoezi hospitalini, na huko hofu ikapata kazi ya kudumu. Niliogopa kwamba siku moja nitampa mtu dawa isiyo yake, au iliyo yake kwa kipimo kisicho sawa, naye atakwenda nyumbani afe huku akinishukuru. Nilisoma kibandiko, nikakisoma tena, na mgonjwa alipoondoka nilimkimbilia hadi langoni nikamwomba anionyeshe alichobeba. Wauguzi walinicheka sana. Nilicheka nao, kisha nikarudi kaunta kusoma vibandiko upya.

Wakati huo huo nilikuwa nikijifunza kuandika programu za kompyuta. Nilianza kwa kujipoza roho tu. Baadaye nikaungana na kijana mmoja niliyesoma naye sekondari, ambaye alikuwa amekodi chumba Kisauni, juu ya duka la misumari na mabati. Mle ndani nilipata raha ambayo sikuwahi kuipata nikiwa na koti jeupe. Ukikosea, mashine yenyewe hukuonyesha kosa na kukataa kuendelea. Unasahihisha, unajaribu tena, na hakuna mtu anayekwenda kuchimbiwa kaburi. Pamoja tulitengeneza programu ya kuwakumbusha wagonjwa kumeza dawa. Mtu hupata ujumbe kwenye simu yake asubuhi, mchana na jioni. Akishameza hujibu kwa namba moja. Asipojibu, jioni huambiwa ni dozi ngapi hajameza. Kliniki moja ya Kisauni na nyingine ya Likoni zilikubali wagonjwa wao waijaribu. Malipo yalitosha nauli na viazi karai tu.

Ndipo hospitali moja kubwa ya mjini, ng'ambo ya daraja, ikanipa kazi ya ufamasia. Mshahara wake ungemtoa mama kwenye cherehani mwezi huo huo. Walitaka nianze baada ya Idi. Ramadhani ilikuwa imebakiza mwezi, kwa hiyo nilikuwa na miezi miwili ya kuamua, na miezi miwili ya kuogopa.

Mama amenisomesha kwa kushona mabuibui tangu baba atangulie mbele ya haki. Nilipomwambia nafikiria kubaki na programu zangu, alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Macho yangu yameisha kwa sindano," akasema. "Hayakuisha ili weye ukacheze kompyuta juu ya duka la misumari. Ukenda huko, nenda. Lakini radhi yangu usinitake."

Sijui kama mtu wa kwingine anaelewa neno hilo lilivyonipiga. Sisi tumelelewa tukijua kwamba asiye na radhi ya mzazi hata akishika dhahabu hugeuka mchanga. Nikifikiria kaunta ya dawa, naogopa. Nikifikiria mama kunifungia radhi, naogopa zaidi. Na sababu yangu ya kweli sikuweza kumwambia. Nilisema tu kwamba kazi ile naipenda, neno ambalo mbele ya mama halikuwa na uzito wa tonge.

Aliyenitetea alikuwa Mama Mkubwa, dada yake mama. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akikaa nasi chumba cha uani, na ndiye aliyenilea mama akiwa kazini. Alikuwa na ugonjwa wa sukari wa miaka mingi. Alimwambia mama amwache mtoto wa watu, kisha akanipa simu yake ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, akasema nimtie yeye kwanza katika huo mtambo. Akikaa vizuri kwa mtambo wangu, mama atakuwa hana la kusema. Basi nikamtia. Kwa wiki kadhaa alijibu kila ujumbe kwa wakati wake, na mama akaanza kuuliza, kwa kuibia, programu yenyewe hufanyaje.

Ramadhani ilipokaribia tuliwauliza wagonjwa wote kama watafunga. Aliyesema ndiyo tulimrudisha kwa daktari wake kwanza, kisha saa zake za dawa zikahamishiwa futari na daku. Mama Mkubwa alikuwa amekatazwa kufunga na daktari, mbele yangu. Nilimuuliza hata hivyo, akanishika shavu akasema, "Inshallah, mwanangu, sitafunga." Nikaandika hafungi. Saa zake zikabaki zile zile.

Mtu mwingine yeyote wa pwani angejua. Mwanamke aliyefunga tangu hajavunja ungo, umwambie akae uani ale mchana mwezi mtukufu, majirani wakipita! Lakini hakutaka kunikatalia usoni, maana kwake kumkatalia mtu usoni ni utovu wa adabu, seuze mtoto aliyemlea awe ndiye daktari wake. Akaniitikia, kisha akafanya lake. Mchana mimi nilikuwa Kisauni na mama mbele kwenye cherehani. Tulipomuuliza alisema amekunywa uji. Magharibi alikaa nasi, akala tende, tukadhani anatuunga mkono tu. Na kwenye kompyuta yangu majibu yake yalikuwepo yote, ya asubuhi, ya mchana na ya jioni. Nilifurahi kuona alivyo mtiifu. Sikuangalia yaliingia saa ngapi.

Kumi la kwanza lilipokuwa likielekea kwisha, asubuhi moja nilikuwa nyumbani nikipiga pasi nguo za kwenda kuwaona wale watu wa hospitali ya mjini. Nikasikia mama akiniita kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake. Mama Mkubwa alikuwa kitandani, kanga imelowa jasho, macho wazi yasiyotuona, akizungumza na babu yetu aliyekufa kabla sijazaliwa. Nilijua papo hapo. Sukari ilikuwa imeshuka, na ilikuwa imeshuka sana. Elimu yote ilinijia kwa mara moja. Lakini nilisimama tu pale mlangoni nikiwaza, ndiyo hii, imekuja, imenifuata hadi nyumbani.

Mama alikuwa ameanza kusoma Yasini. Sauti yake ndiyo iliyonisukuma. Nilikimbilia jikoni nikachukua asali, nikarudi nikapiga magoti kando ya kitanda. Mama Mkubwa alifumba kinywa akakaza meno.

"Fungua kinywa, Mama Mkubwa."

"Nimefunga," akasema.

Hakujua alipo, hakunijua mimi ni nani, lakini hilo alilijua. Nilimbembeleza, nikalia, nikamwambia mgonjwa ana ruhusa. Akageuza uso ukutani. Mwisho niliingiza kidole kwa nguvu kati ya shavu na ufizi nikampaka asali, akaning'ata, nikampaka tena. Nilihisi ninamvunjia heshima mtu mzima, na wakati huo huo niliogopa kwamba atakufa kidole changu kikiwa kinywani mwake. Jirani akaita tuktuk. Njia nzima hadi hospitali nilikuwa nikimpaka asali na kumsemesha, na mama akisoma.

Walimtia dripu. Kabla ya alasiri alikuwa amekaa kitako akiuliza nani amemvua kanga yake. Daktari akamuuliza amemeza nini. Mama Mkubwa akajibu kwa utulivu, kama mtu asiye na la kuficha, kwamba mchana alikuwa hamezi kwa sababu ya saumu, lakini magharibi akishafuturu huzimeza zote tatu pamoja. Na jana alikuwa amechoka, hakuamka daku.

"Huzilipa," akamwelewesha daktari. "Jioni simu hunambia, una dozi mbili hujameza. Nami sipendi deni. Sala ikikupita si huilipa?"

Daktari akatikisa kichwa, akauliza nani anayewatumia wazee ujumbe kama huo. Mimi ndiye niliyeyaandika maneno hayo, kwenye kile chumba cha juu ya misumari, siku nimeshiba na sina hofu yoyote. Mashine haikunionyesha kosa lolote, kwa sababu kwa mashine halikuwapo.

Mama alinitoa nje hadi ukumbini. Nilingoja aniambie kwamba alinionya. Badala yake akaniuliza swali moja, kwa sauti ya chini.

"Na hao wengine?"

Sikuwa nimewafikiria. Katika hofu yangu yote kulikuwa na Mama Mkubwa tu, na mimi. Nilimpigia simu mwenzangu nikamwambia azime programu. Alisema tusikurupuke, tungoje Jumatatu tuzungumze na zile kliniki kwanza. Nilimpigia kelele, mimi ambaye hata konda akinizidishia nauli hulipa nikanyamaza, hadi akaizima. Lakini kuizima hakukufuta kilichokwisha kusemwa. Walikuwepo wengine walioniitikia kwa adabu kwamba hawatafunga. Nikakaa kwenye benchi la ukumbi, nikaanza kuwapigia mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa mzee wa Likoni. Simu iliita mpaka karibu ikatike.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza habari za nyumbani, na wazazi, na saumu naionaje, na kama huko Kisauni mvua imenyesha. Mzee hakatizwi. Niliitikia kila swali nikiwa nimeushika ukingo wa benchi, nikisikiliza kama ulimi wake ni mzito, kama anahema, kama maneno yake yanafuatana. Kila alipotua kidogo nilidhani ameanguka. Nilipopata nafasi nikamuuliza dawa zake za mchana huzimeza saa ngapi.

"Zile?" akasema. "Huzipeleka zote magharibi, binti yangu, nikapumzika. Kwani si ndivyo?"

Nilimweleza taratibu. Nilimwomba aniite mwanawe kwenye simu, nikamweleza naye, nikamwambia amtafutie kitu cha kula sasa hivi na ampeleke kliniki. Kisha nikampigia anayefuata. Baadhi walikuwa wakila mchana kama walivyosema. Baadhi walikuwa wakilipa. Mama mmoja wa Frere Town hakupokea, na hakupokea tena, na kwa muda wote ule nilimwona amelala sakafuni kwenye nyumba nisiyoijua, mpaka alipopiga mwenyewe akasema alikuwa akiswali. Nililia aliposema hivyo, akadhani nimefiwa.

Tulirudi nyumbani jua likikaribia kuzama, Mama Mkubwa akabakizwa hospitali alale. Mama alikuwa akikuna nazi ya futari. Nilikaa kwenye mkeka karibu yake nikamwambia ukweli ambao sikuwahi kumwambia. Kwamba sikuipenda kompyuta kuliko dawa; niliikimbilia, kwa sababu nilidhani huko hakuna mtu atakayekufa kwa mkono wangu. Kwamba sasa sina pa kukimbilia.

Hakuacha kukuna. Akauliza kama wale wa mjini bado wanangoja. Nikasema wanangoja. Mjini, nikamwambia, nikiacha kaunta yuko mwingine atakayeisimamia, na mtu akikosea yuko wa kumkagua. Hawa wa simu hawana mtu. Mwenzangu anajua kompyuta, hajui dawa. Daktari anajua dawa, hajui kwamba Mama Mkubwa analipa dozi kama sala. Nimeogopa kaunta mwaka mzima, lakini sijapata kuogopa kitu kama nilivyomwogopea yule mzee wa Likoni akiniuliza habari za mvua. Nikamwambia Jumatatu nitawapigia hospitali niwaambie siji. Nilisema hivyo nikiwa nimeinama, nikingoja neno la radhi literemke.

Mama aliiweka mbuzi ya nazi kando, akajifuta mikono kwa leso, akaingia chumbani. Nilidhani ameondoka kwa hasira. Akarudi na mfuko wa plastiki wenye dawa zake za presha, akauweka mapajani mwangu pamoja na simu yake.

"Nitie na miye," akasema.

Nilifungua mfuko. Pakiti zilikuwa zimejaa, hazijatobolewa hata moja, na tarehe kwenye vibandiko zilikuwa za zamani. Nilimtazama mama yangu, ambaye kila jioni nikimuuliza husema ameshameza.

"Tangu lini, mama?"

Alikaa mkekani, akanyoosha miguu, akaangalia mikono yake.

"Tangu Rajabu," akasema. "Zikinitia kizunguzungu, nisione sindano. Nilikuona una hofu zako nyingi. Sikutaka kukuongezea."

Adhana ikaanza. Nilimpa tende, nikatwaa simu yake, nikamwomba anianzie upya habari ya dawa zake, na safari hii asinifiche.